Jibini ya Kwihara, Mkate wa Ufipa

Katikati ya mwaka 1872 David Livingstone alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri watu. Henry Morton Stanley alikuwa ameagana naye tarehe 14 Machi na kuahidi kumtumia wapagazi kutoka pwani. Wapagazi hao hawakufika hadi tarehe 14 Agosti. Miezi mitano ni mirefu kwa mzee mgonjwa mwenye safari kichwani. Livingstone aliijaza kwa kuandika, kusoma, kuuliza wenyeji habari za nchi zilizo mbele, na kutengeneza jibini ya njiani.

Habari ya jibini hiyo imo katika shajara yake, na ni fupi mno. Anasema ilikuwa nzuri, ila ina uchachu, kwa sababu maziwa huchacha upesi katika nchi ile. Anaongeza kwamba hawakutumia renneti. Waliyaacha maziwa yagande yenyewe, nayo yaliganda kwa muda wa nusu siku hivi. Baada ya hapo anaendelea na mambo mengine. Wanahistoria wa safari zake wamepita juu ya maneno hayo kama mtu anavyoruka kijito, wakiwahi kufika kwenye Nile na kwenye kifo chake. Mimi naona yanastahili kusimamiwa, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, haujalijibu hadi leo.

Mpishi wa Livingstone aliitwa Halima. Alikuwa mtumwa, na alikuwa mwenziwe Amoda, mmoja wa watu wa zamani wa msafara. Livingstone alimsifu waziwazi kwa kazi yake, akaandika kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja watakapofika huko. Shajara haisemi ni mikono ya nani iliyochuja maziwa yale yaliyoganda na kuyakamua maji yake. Lakini jiko lilikuwa la Halima, na mtu yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba yenye mpishi anajua kwamba chombo hakisogezwi jikoni bila yeye kujua. Ikiwa siku moja itaandikwa historia ya jibini katika bara letu la ndani, jina la Halima lisikosekane.

Tabora ya siku hizo haikuwa na maziwa peke yake. Waarabu waliokaa Unyanyembe walilima ngano, wakiimwagilia maji wakati wa kiangazi, na Richard Burton alikwisha kuiona ngano hiyo alipopita miaka ya 1857 na 1858. Maana yake ni kwamba mwaka 1872, mbali sana na bahari, katika mji uliokuwa njia panda ya misafara, vilikuwapo unga wa ngano, jibini, samli na moto. Vyote vinavyohitajika kwa mkate wa kubanika wenye jibini vilikuwa vimekaa jirani.

Tarehe 25 Agosti msafara uliondoka Kwihara kuelekea kusini-magharibi. Mwanzoni mwa Oktoba walikuwa wamelifikia Ziwa Tanganyika, kisha wakaanza kuandama ufuko wake wa mashariki, wakipanda na kushuka vilima vya Ufipa katika joto la mwisho wa kiangazi. Jibini ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya njia hiyohiyo. Mwezi Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kurudi pwani, na safari hii hawakufuata ufuko wa ziwa. Walikata bara, wakavuka nchi ya Wafipa, wakashuka safu ya milima ambayo kitabu kilichohaririwa kutokana na shajara kinaiita Lambalamfipa. Mtu wa Sumbawanga akisoma jina hilo hahitaji kuelezwa. Ni Lyamba lya Mfipa, ukingo ule unaoanguka ghafla kuelekea bonde la Rukwa.

Kwa hiyo jibini na uwanda wa Ufipa vilijuana mapema. Kwa nini basi havikuoana?

Sehemu ya jibu imo katika yale maneno ya Livingstone kuhusu renneti. Jibini inayoyeyuka na ile isiyoyeyuka huachana njia tangu maziwa yanapoganda. Maziwa yakigandishwa na uchachu, asidi huiondoa kalsiamu iliyokuwa imeshikanisha protini zake. Protini hizo zikipata moto hujikaza, hutoa maji na kubaki chengachenga. Ndiyo sababu jibini nyeupe ya Wahindi, inayogandishwa kwa ndimu, hukaangwa ikabaki na pembe zake. Renneti hufanya kazi kwa namna nyingine. Ni kimeng'enya kinachotoka katika tumbo la nne la ndama anayenyonya, nacho hukata kipande kidogo tu cha protini, maziwa yakaganda yangali matamu huku kalsiamu ikibaki mahali pake. Donge hilo likikatwakatwa, likakandamizwa, likatiwa chumvi na kulazwa mahali pa baridi kwa majuma kadhaa, mafuta yake hulainika yakipata joto la nyuzi 30 na kitu, na joto likipita nyuzi 60 protini zenyewe hulegea, jibini ikavutika kama utomvu.

Jibini ya Kwihara isingeyeyuka juu ya mkate. Ingekauka na kubanduka. Walichokosa hakikuwa ng'ombe wala maarifa ya kugandisha maziwa. Maarifa hayo watu wa nchi hii walikuwa nayo kwa karne nyingi, na kila kibuyu cha mtindi ni ushahidi. Kilichokosekana ni kitu kidogo cha ukubwa wa kijiko cha chai, pamoja na subira ya majuma.

Waliofuata walitoka katika nchi za jibini. Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa kanzu zao, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie. Mapadri wake wa kwanza walifika Ujiji Januari 1879. Mwaka huohuo Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo Karema kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa mapadri, na kutoka hapo misheni zilipanda polepole kuelekea nchi ya Wafipa: Kirando, Kala, Zimba kule bondeni, Kate, Mwazye. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyesimamia kazi hiyo tangu 1891 hadi alipofariki 1917, aliandika kitabu kizima kuhusu watu wa pwani za Tanganyika.

Hapa kuna jambo ambalo nalipenda katika historia hii. Lavigerie aliwaagiza watu wake waseme lugha ya wenyeji, wavae mavazi yanayofanana na ya watu wa huko na wale chakula chao kadiri inavyowezekana. Mfaransa aliyekulia kwenye mkate na jibini alitakiwa akae mbele ya ugali wa ulezi na maharage, ale, ashukuru. Lakini sheria ya Kanisa haikumwachia nafasi kwenye altare: hostia ni ya ngano, wala ulezi haukubaliwi. Basi ngano ilikuwa ndicho chakula pekee cha Ulaya ambacho misheni haikuweza kukikosa, hata kama padri mwenyewe angeishi kwa ugali maisha yake yote. Jibini haikuwa na altare ya kuidai. Naamini hapo ndipo njia za hivi vitu viwili zilipoachana Ufipa.

Uwanda wenyewe uliipokea ngano vizuri. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na milima ya Mbizi iliyo nyuma yake hupita mita 2,000. Juni na Julai usiku joto hushuka hadi karibu na nyuzi 10, na upepo wa asubuhi hupenya sweta. Ngano hupandwa mvua zikielekea mwisho, ikamalizia kukua katika baridi hiyo. Wafipa walikuwa wakulima stadi kabla ya mgeni yeyote kuja. Kilimo chao cha matuta, yale ya kufukia majani chini ya udongo ili yaoze na kuwa mbolea, kiliwashangaza wataalamu wa kilimo waliokuja baadaye. Joseph Thomson aliyepita mwaka 1880 na kufika kwa Kapufi, mfalme wa Nkansi, aliwaeleza Wafipa kuwa watu wa amani wanaopenda kazi ya shamba. Hadi leo wakulima wa Sumbawanga na Nkasi hulima ngano, ingawa ni kidogo ukiilinganisha na mahindi.

Maziwa nayo yalikumbwa na balaa. Sotoka iliingia Afrika Mashariki karibu na 1890, na kufikia 1892 ilikuwa imepita katika ukanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ikielekea kusini. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na mahali pengi mifugo iliyojengwa kwa vizazi iliisha kwa msimu mmoja. Ukiongeza mbung'o waliojaa katika nyanda za chini kuuzunguka uwanda, utaona kwamba kuujaza upya haikuwa kazi ya mwaka mmoja wala kumi. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakijenga boma Kasanga, waliloliita Bismarckburg. Juni 1916 Waingereza wakaliteka, utawala ukabadilika mikono, na Ufipa ikabaki pembeni mwa ramani kama ilivyokuwa.

Kuna hesabu moja isiyokwepeka. Kilo moja ya jibini ngumu inataka lita 10 za maziwa. Ng'ombe wa kienyeji, baada ya ndama kunyonya, humpa mkamuaji lita moja au mbili kwa siku. Kaya yenye ng'ombe watatu wanaokamuliwa ingelazimika kujinyima maziwa siku mbili au tatu ili ipate kilo moja, kisha isubiri majuma. Hakuna mama mwenye watoto wadogo atakayefanya hivyo, na ana haki. Mtindi hulisha leo na samli hukaa muda mrefu. Jibini ilihitaji watu wa kukusanya maziwa ya kaya nyingi mahali pamoja, na chombo hicho hakikuundwa.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Miaka hiyohiyo serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, mkulima wa Laela akalipwa sawa na mkulima wa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kuyasafirisha ikabebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji. Kwa Ufipa huo ulikuwa mlango uliofunguka. Rukwa iliingia pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne mikubwa ya mahindi, na jina hilo limewakaa watu midomoni hadi sasa. Nani angelaumu? Gunia la mahindi huweza kungoja lori mwezi mzima chini ya turubai. Maziwa hayangoji hata saa sita. Barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika, na kila kilichoharibika upesi hakikuwa na thamani nje ya kijiji.

Hapa ndipo nawalaumu waliopanga, na nasema bila kusita. Jibini ni maziwa yanayoweza kungoja. Livingstone aliitengeneza kwa sababu hiyo, kwamba mbele yake kulikuwa na njia ndefu. Nchi iliyo mbali na soko, yenye baridi, majani na ng'ombe, na isiyo na lami, ndiyo nchi inayoihitaji jibini kuliko zote. Upande wa pili wa ziwa, kaskazini, walilielewa jambo hili. Katika vilima vya Masisi, Kivu ya Kaskazini, wafugaji wenye malisho mazuri na barabara mbovu waligeuza maziwa kuwa mabonge ya duara ya jibini, ufundi ulioenezwa pia na watawa wa Kitrapisti wa Mokoto. Jibini hiyo hushuka hadi Goma na kutoka hapo husafirishwa hadi Kinshasa. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza ng'ombe wengi wa Masisi, lakini jibini ilirudi ng'ombe waliporudi. Na hapa kwetu, Njombe, penye baridi kama ya Sumbawanga, kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Italia, kimekuwa kikitengeneza jibini kutokana na maziwa ya wafugaji wadogo.

Ulimwengu wa mbali nao ulikuwa ukiendelea na mambo yake. Kufikia miaka ya 1910 mikahawa ya Paris iliuza mkate wa jibini na nyama uliobanikwa, na Marcel Proust akautaja katika riwaya yake. Marekani, James Kraft alipata hataza ya jibini ya kusindika mwaka 1916, ile isiyoharibika upesi na inayoyeyuka bila kutengana. Mwaka 1928 mashine ya Otto Rohwedder ya kukata mkate vipande sawasawa ilianza kazi Chillicothe, Missouri. Katika vyote hivyo, naona mashine ya Rohwedder ndiyo iliyobadilisha meza za watu wa kawaida. Mkate uliokatwa sawa hubanikwa sawa, na mtoto wa shule anaweza kujitengenezea chakula mama akiwa kazini.

Mkate wa slesi ulifika Sumbawanga nao, kwanza kwa shida, kisha kwa wingi. Februari 2008 Marekani na Tanzania zilitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na miongoni mwa kazi zake ilikuwamo lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Lami hiyo ilileta bidhaa zisizopenda kuchelewa: mkate laini, maziwa ya pakiti na, katika maduka machache yenye friji, jibini iliyotoka mikoa mingine. Safari ambayo jibini ya Kwihara ilifanya kichwani mwa mpagazi, sasa hufanywa ndani ya boksi kwenye basi.

Na jioni ya Julai, watu wanaporudi nyumbani wamejikunyata, hakuna chakula chepesi kinachoupita mkate huo wa jibini. Namna ya kuupika nitaisema kwa kirefu, kwa kuwa wengi huuharibu kwa haraka.

Mkate uwe wa jana. Wa leo una maji mengi, hulowa badala ya kukauka. Jibini ikwanguliwe kwa kikwangulio cha karoti, isikatwe mapande manene, maana pande nene hubaki baridi katikati huku mkate ukiungua. Paka siagi au samli upande wa nje wa slesi zote mbili, kabisa mpaka kwenye kingo. Samli ya ng'ombe wa kienyeji hutoa harufu ambayo siagi ya dukani haina. Ndani weka jibini, kitunguu kilichokatwa nyembamba, pilipili ukipenda. Nyanya itolewe mbegu na maji yake. Kuna nyumba huongeza kijiko cha maharage yaliyopondwa, na kwa nchi ya maharage kama Ufipa, naona hilo ni jambo la busara.

Kisha moto. Makaa yawe yameshika majivu juu, kikaango kizito, moto mdogo. Mkate hubadilika rangi na kutoa ile harufu ya kuchomeka joto likipita nyuzi 140 juu ya uso wake, ilhali jibini iliyo ndani inahitaji nyuzi 60 na kitu tu. Kazi ya mpishi ni kulipa joto muda wa kupenya kabla uso haujaungua. Funika kikaango kwa mfuniko au sahani ya bati, subiri dakika tatu au nne, geuza, funika tena kwa muda mfupi zaidi. Ukikandamiza kwa mwiko na jibini ikachungulia pembeni, umefika. Epua, acha upoe dakika moja ili jibini isimwagike yote, ndipo ukate.

Asiye na friji anunue jibini ya kula siku hiyo. Asiyepata jibini ya kuyeyuka asihangaike kuibadilisha kwa mtindi uliochujwa, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Mtindi huo upakwe kwenye mkate uliokwisha kubanikwa, na chumvi kidogo, nao ni mtamu kwa namna yake.

Bei ya jibini hiyo ndiyo inayonikera. Imebeba nauli kutoka mbali, wakati nyuma ya mji, kuelekea Malonje na Mbizi, ng'ombe wanakula majani mabichi. Siku hizi wapo pia ng'ombe chotara wanaotoa maziwa mengi kuliko lita mbili za zamani. Renneti inanunulika. Baridi ya kulaza jibini Mungu aliitoa bure, jambo ambalo watu wa Dar es Salaam hulilipia umeme mchana na usiku. Masista wa mashirika yetu wana bweni, ng'ombe na nidhamu ya saa, na jibini hutaka hiyo nidhamu ya saa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mjini, na wafugaji wa Nkasi na Kalambo wana vikundi vyao. Sufuria safi ya lita 50, kipimajoto, kitambaa cha kuchujia na chumba chenye giza vinatosha kuanza, na maziwa ya siku moja ya sufuria hiyo yatatoa kilo tano. Nawaomba viongozi wa mkoa wamtafute fundi mmoja wa Njombe, wamlete kwa msimu mmoja, awafundishe wafugaji kumi.